Bunduki ya babu darini: kung'aa si kupona

Tukifungua simu kwenye vipindi vya historia, swali hili halikosi. Familia inabomoa nyumba ya zamani ya tofali mbichi ili ijenge mpya. Juu ya dari, katikati ya masizi na magunia, inatoka bunduki ndefu yenye kitako cha mbao. Wazee wanasema ni ya wakati wa vita ya Mjerumani. Vijana wanaizunguka, mmoja anakwenda kutafuta msasa na mafuta ya cherehani, mwingine anapiga simu redioni: “Mtangazaji, tukiisafisha vizuri, itapiga?”

Jibu la haraka ni hili. Kusafishwa itasafishika, na huenda hata ikapiga. Lakini bunduki ya miaka mia moja inaweza kung'aa kama sufuria mpya huku ndani ikiwa imeoza, na jicho la kawaida haliwezi kuona tofauti. Anayeijaribu begani anaweka uso wake umbali wa kiganja kimoja kutoka kwenye chuma ambacho hakuna aliyekipima. Juu ya hapo kuna sheria, na sheria haiulizi kama bunduki ni nzee au mpya.

Makala haya yanaeleza silaha hizi zilifikaje kwenye nyanda zetu za juu, nini huziharibu, mafundi wenye ujuzi huzifufua na kuzijaribu namna gani, na wewe uliyeikuta darini ufanye nini leo.

Zilifikaje huku kwetu?

Mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya imepitiwa na bunduki za mataifa mengi kuliko watu wanavyodhani.

Agosti 17, 1891, pale Lugalo, kando ya barabara ya sasa ya Iringa kwenda Morogoro, wapiganaji wa Wahehe walikivamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Zelewski aliuawa, na Wahehe waliondoka na bunduki zipatazo 300 pamoja na mizinga. Jina la kambi ya Lugalo kule Dar es Salaam linatokana na ushindi huo. Wajerumani walirudi Oktoba 1894 wakaibomoa ngome ya Kalenga, na Mkwawa akaendelea kupigana porini hadi alipojiua kwa risasi Julai 1898 ili asikamatwe.

Bunduki ya kawaida ya askari wa Wajerumani wakati huo ilikuwa Mauser ya mwaka 1871. Ilipokea risasi moja tu kwa wakati, nene ya milimita 11, na ilitumia baruti nyeusi inayotoa wingu la moshi mweupe. Mpigaji akifyatua mara moja, adui anajua amejificha wapi.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Mei 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey lilivuka kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, likaingia Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg. Mwishoni mwa Agosti lilikuwa Iringa. Baadaye mwaka huohuo kikosi cha Wajerumani cha Jenerali Wahle kilipita hukuhuku kikitoka upande wa Tabora, na mapigano yakarudi tena Iringa na Lupembe. Oktoba 1918 Lettow-Vorbeck mwenyewe, mkuu wa majeshi ya Wajerumani, alipita Njombe na Mbozi akielekea Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Huko Abercorn, mji tunaouita sasa Mbala, ndiko alikosalimisha silaha Novemba 25, 1918.

Orodha ya silaha zilizokabidhiwa siku ile inafundisha jambo. Kulikuwa na bombomu 37 na bunduki 1,071, na bunduki hizo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Wajerumani lilimaliza vita likiwa na silaha za maadui zake! Sababu kubwa ilikuwa risasi. Za bunduki zao zilikuwa zimekwisha, na bunduki isiyo na risasi zake ni bomba la chuma tu.

Kwa hiyo usishangae ukikuta bunduki ya Kijerumani kwenye nyumba moja na ya Kiingereza kwenye nyumba ya jirani. Askari, wapagazi na wanakijiji wa bonde moja waliishi kati ya majeshi yaliyokuwa yakipokezana barabara zilezile. Nyingine zilikuja baadaye kabisa, mikononi mwa walowezi na wawindaji wa enzi za Mwingereza.

Kuitambua kwa macho tu

Nasema kwa macho tu, mikono ibaki mfukoni. Alama nyingi zinaonekana bila kuigusa.

Bunduki nyingi za kijeshi za wakati huo zina komeo, yaani kile chuma chenye mpini wa kitufe ambacho askari hukiinua, hukivuta nyuma, hukisukuma mbele na kukilaza, kama unavyofunga komeo la mlango. Mauser ya 1898 ya Wajerumani hubeba risasi 5, na unene wa risasi yake ni takribani milimita 8. Lee-Enfield fupi ya Waingereza, iliyoanza kutumika mwaka 1904, hubeba risasi 10 kwenye kisanduku kinachojitokeza chini, na mbao zake zimefunika mtutu karibu mpaka mdomoni. Ya Kijerumani mara nyingi huwa na mwaka na jina la kiwanda juu ya chuma, mfano Spandau, Danzig au Erfurt. Ya Kiingereza huwa na taji na herufi za mfalme au malkia wa wakati wake.

Kama haina komeo, na baruti hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu kwa fimbo, hiyo ni gobore. Magobore ya zamani yaliletwa na biashara ya misafara kutoka pwani. Mengine yametengenezwa na wahunzi wa vijijini kwa bomba lolote lililopatikana. Gobore la bomba la maji halikuwa salama hata siku lilipotengenezwa, sembuse leo.

Nini kinaoza ndani?

Tuanze na kinachotokea bunduki inapopiga. Sindano hugonga fataki, kile kitufe kidogo kwenye kitako cha risasi. Fataki huwasha baruti, na baruti hugeuka gesi ya moto kwa kufumba na kufumbua. Gesi hiyo husukuma pande zote. Mbele kuna risasi inayoweza kuondoka, lakini nyuma na pembeni kuna chuma ambacho lazima kivumilie. Katika Mauser ya 1898, msukumo huo ni zaidi ya mara elfu moja ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo. Unajua tairi likipasuka linafanya nini kwa fundi aliyeinamia. Zidisha mara elfu, kisha weka shavu lako hapo.

Sasa tuone miaka mia ya darini inaharibu nini.

Ya kwanza ni kutu ya ndani ya mtutu. Fataki za zamani ziliacha chumvi ndani ya mtutu kila zilipowaka. Chumvi hiyo huvuta unyevu kama chumvi ya jikoni inavyolowa msimu wa mvua. Ndiyo maana askari walifundishwa kuosha mtutu kwa maji ya moto na kuupaka mafuta baada ya kupiga. Bunduki iliyotupwa porini au kufichwa haraka haikuoshwa. Ukiongeza ukungu na mvua zetu za Uyole na Rungwe, chuma huliwa vishimo vishimo mahali usipoona. Msasa unaondoa wekundu wa juu, vishimo vinabaki.

Ya pili ni mtutu kuziba. Nyigu wanapenda tundu jembamba lenye giza, na hujenga humo kiota cha udongo kinachokauka kama tofali. Kitambaa kilichochomekwa na babu kuzuia vumbi nacho huoza na kugandia humo. Risasi ikikutana na kizuizi, gesi inakosa njia na mtutu hupasuka.

Ya tatu ni komeo lisilo lake. Kila komeo lilikaziwa kwenye bunduki yake kiwandani, na ndiyo maana viwanda vilipiga namba ileile kwenye mtutu na kwenye komeo. Katika miaka minne ya vita, bunduki zilifunguliwa kwa makundi, zikasafishwa na kuunganishwa tena bila kujali namba. Komeo geni linaweza kufunga vizuri kabisa huku likiacha nafasi ndogo nyuma ya risasi, unene wa karatasi chache tu. Nafasi hiyo inatosha ganda la risasi kuchanika na gesi ya moto kurudi usoni kwa mpigaji.

Ya nne ni mbao na springi. Kitako kilicholiwa na mchwa hakiwezi kushika chuma kinaporudi nyuma kwa nguvu, na springi iliyolegea hugonga fataki nusunusu.

Ya tano ni usalama wenyewe. Kile kitufe cha kuzuia isifyatuke kinaweza kuonekana kimefunga kumbe kimelika. Watu hufa kwa bunduki “mbovu” iliyoanguka sakafuni, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba babu aliiacha na risasi ndani.

Somo la meli iliyozama Manza

Kuna kisa cha hapahapa Tanzania kinachoonyesha kufufua silaha ni kazi ya namna gani, hata ukiwa na jeshi zima la mafundi.

Mapema mwaka 1915 Ujerumani ilituma meli ya Rubens kuja Afrika Mashariki kwa siri, ikijifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg. Aprili 14 ilifika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikifukuzwa na manowari ya Waingereza, Hyacinth. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliizamisha kwa makusudi kwenye maji mafupi. Moto ukawaka juu ya sitaha, na Waingereza wakaondoka wakiamini shehena imeteketea.

Haikuteketea. Wajerumani walituma wazamiaji, na watu wakafanya kazi ya kuvusha mizigo hadi nchi kavu. Zilitoka bunduki 1,800 za Mauser ya 1898 na shehena kubwa sana ya risasi.

Bunduki zenyewe hazikuwa taabu kubwa. Zilikuwa mpya kutoka kiwandani, na zilikaa majini muda mfupi. Zilifunguliwa, zikasafishwa, zikapakwa mafuta na kugawiwa. Taabu ilikuwa risasi. Maji ya bahari yalikuwa yameingia ndani ya maganda, na kadiri siku zilivyopita fataki na baruti zilizidi kuharibika. Kwa nje risasi hizo zilionekana nzima, lakini zilipopigwa nyingi zilinyamaza.

Ilibidi karakana zigeuzwe kuwa za kufungua risasi moja moja. Walichomoa kichwa, wakamwaga baruti na kuikausha, wakabadilisha fataki pale zilipopatikana, kisha wakafunga tena. Kazi hiyo ilichukua miezi. Baada ya hapo kila fungu lilijaribiwa kwa kufyatua kadhaa na kuhesabu zinazogoma. Zilizokuwa bora kabisa ziliwekwa kwa ajili ya bombomu, maana bombomu ikigoma katikati ya vita ni kifo cha kikosi. Zilizogoma zaidi zilipelekwa kwenye mazoezi ya shabaha.

Tafakari hapo. Risasi zile zilikuwa zimelowa kwa muda mfupi tu, na zilishughulikiwa na watu waliozoea silaha. Bado hawakuziamini kwa kuziangalia, waliziamini kwa kuzipima. Risasi tatu zilizokaa kwenye kopo la babu tangu kabla ya Uhuru nani amezipima?

Risasi kuukuu ni hatari pande mbili

Wengi hudhani risasi ya zamani hatari yake ni kutopiga. Kweli inaweza kugoma, lakini kuna mambo mawili mabaya kuliko hilo.

Moja ni kuwaka kwa kuchelewa. Mpigaji anafyatua, kimya. Anahesabu imegoma, anafungua komeo aichomoe au anaugeuza mtutu kwa wenzake kuuliza kulikoni. Hapohapo baruti iliyokuwa ikifuka inalipuka, komeo likiwa wazi au mtutu ukiwatazama watu.

Jingine ni kupiga nusu. Baruti iliyooza inasukuma risasi kidogo tu, nayo inabaki katikati ya mtutu. Mlio unakuwa mdogo, mpigaji anadhani imeshindwa, anaweka nyingine. Risasi ya pili inaikuta ya kwanza njiani, na mtutu unapasuka.

Halafu kuna kosa la kufananisha. Risasi za Wajerumani za kati ya 1888 na 1905 ni mfano mzuri. Ganda lilibaki karibu lilelile, lakini baada ya 1905 kichwa kiliongezwa unene kidogo, kutoka takribani milimita 8.1 hadi 8.2, na nguvu ikaongezeka. Ukizilaza mbili mezani huoni tofauti. Lakini risasi nene ikiingizwa kwenye mtutu wa zamani ulio mwembamba, msukumo unapanda juu ya kile chuma kilichotengenezewa. Hali ni hiyohiyo kwa gobore. Liliumbwa kwa baruti nyeusi inayowaka taratibu, kwa hiyo anayelijaza baruti ya kisasa iliyomwagwa kutoka kwenye risasi anatengeneza bomu lenye kitako.

Mafundi wenye ujuzi hufanyaje?

Nchi ambazo kuwa na bunduki za kihistoria kunaruhusiwa kwa leseni, na pia makumbusho makubwa, zina mafundi wa kazi hii. Ukiwatazama, jambo la kwanza linalokushangaza ni jinsi wasivyo na haraka.

Kwanza fundi huthibitisha kwamba haina risasi, kwenye chumba cha risasi na kwenye kisanduku, kwa macho na kwa kifaa, na huthibitisha tena. Kisha hupiga picha na kuandika kila namba na kila muhuri kabla ya kugusa chochote, kwa sababu alama hizo ndizo cheti cha kuzaliwa cha silaha.

Pili, huifungua kipande kwa kipande. Hatumii msasa wala jiwe la kunolea. Kutu huilainisha kwa mafuta mepesi na kuiondoa polepole kwa vitu laini kuliko chuma chenyewe, ili alama zisifutike. Mbao huzifuta uchafu bila kuzikwangua. Kwa bunduki ya kihistoria, kuifanya ionekane mpya ni kuiharibu. Mikwaruzo ya kitako na jina alilochonga askari kwa ncha ya kisu ndiyo historia yenyewe.

Tatu, hupima. Ana vipimo maalumu vya chuma vya kuangalia ile nafasi kati ya komeo na risasi. Huchungulia mtutu wote kwa taa na kamera ndogo, na hutafuta nyufa kwenye meno ya komeo, nyingine nyembamba kuliko unywele. Bunduki nyingi huishia hapa. Fundi anasema: hii ni ya kutazamwa, si ya kupiga. Kwake hilo ni jibu la kawaida, halimsumbui.

Chache zinazopita huenda kwenye jaribio la kufyatua. Na hapa ndipo watu wetu wanapokosea zaidi, kwa sababu kwao kujaribu ni kwenda nyuma ya shamba, kuilenga mgomba na kuvuta. Fundi hafanyi hivyo. Bunduki hufungwa kwenye fremu nzito, mtutu ukitazama ukuta wa kuzuia risasi. Yeye hukaa nyuma ya kizuizi na kufyatua kwa kamba ndefu. Baada ya kila mpigo, huchukua ganda tupu na kulisoma kama daktari anavyosoma picha ya mbavu. Limevimba? Limechanika karibu na kitako? Fataki imebonyea kawaida au imelainika ikawa bapa? Ganda hulia kabla bunduki haijapasuka. Akiona dalili moja, kazi inasimama.

Uingereza ina nyumba maalumu za kupima mitutu, na ya Birmingham ilianzishwa mwaka 1813. Huko bunduki hupigwa kwa risasi ya majaribio yenye msukumo mkubwa kuliko wa kawaida kwa takribani robo. Ikivumilia hugongwa muhuri, na isipovumilia haiuzwi. Hata watengenezaji wenyewe hawaruhusiwi kusema “naijua, ni salama” bila muhuri huo.

Kwa hiyo mtu akikuambia kuna fundi baiskeli anayefufua bunduki, muulize swali moja tu: amejaribu kwa kamba akiwa nyuma ya ukuta, au kwa bega la mteja?

Sheria inasemaje?

Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kumiliki silaha kunahitaji leseni, na kuwa na risasi bila kibali nako ni kosa. Kutengeneza au kukarabati silaha nayo ni kazi inayohitaji kibali. Kwa hiyo kijana anayeipaka mafuta bunduki ya darini na fundi anayeichomelea kitasa kipya wote wako matatani, hata kabla haijapiga.

Jambo linalowachanganya wengi ni urithi. Shamba linarithiwa, ng'ombe wanarithiwa, lakini leseni ya silaha ni ya mtu aliyepewa. Babu akifariki, leseni yake haiwahamii wanawe. Familia inatakiwa kuitoa silaha hiyo polisi, na kama kuna mwana familia anayetaka kuimiliki, aanze maombi yake mwenyewe na afanyiwe uchunguzi kama mwombaji mwingine.

Mlango wa kutokea pia upo. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka, hadi 2030, kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari. Serikali yetu imekuwa ikitangaza vipindi vya namna hiyo. Mwaka 2022, kwa mfano, kilikuwa kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31. Katika kipindi cha namna hiyo, anayepeleka silaha mwenyewe hashitakiwi kwa kuimiliki. Matangazo yakitoka sisi huyasoma hewani, kwa hiyo fuatilia taarifa za habari.

Lakini usikae na bunduki kumi na moja mwezi ukingoja Septemba. Mtu anayetoa taarifa siku aliyoikuta ana maelezo mepesi kuliko yule aliyeshikwa nayo kitandani.

Ukiikuta leo, fanya hivi

1. Ihesabu kuwa ina risasi. Usivute komeo kuhakikisha, usiguse kifyatulio, usichungulie mdomo wa mtutu.

2. Iache pale ilipo. Watoto watoke, na mtu mzima mmoja abaki kulinda. Kama mmeshaishusha, ilazeni mahali salama, mdomo ukitazama ukuta au udongo, si njia wanayopita watu.

3. Usiipeleke polisi kwa bodaboda ikiwa imefungwa kwenye kitenge. Barabarani wewe ni mtu mwenye silaha bila leseni, na likitokea shimo njiani inaweza kufyatuka. Mwarifu mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, au piga simu polisi kwa namba 112, waje wenyewe.

4. Risasi zilizoko kwenye kopo zisitupwe chooni, zisichomwe na takataka, wala zisipewe watoto wachezee. Zibaki hapohapo zichukuliwe pamoja na bunduki.

5. Ukikuta kitu cha chuma chenye umbo la chupa au nanasi, au bomba nene lenye ncha, hilo si la kusubiri dakika tano ukilipiga picha. Ondokeni, zuieni watu kusogea, kisha toeni taarifa. Kombora halizeeki kwa namna ya kuwa salama.

6. Andika jina la aliyeikuta, mahali na siku. Aliyekuja kuichukua, mwombe maandishi ya makabidhiano, na nakala iwekwe kwa mtendaji.

Msipoteze historia yake

Najua kinachouma. Wazee wengine wanasema, “Hii ndiyo kumbukumbu pekee ya baba yangu, mnataka niitoe?” Hoja hiyo ina uzito. Kwenye nyanda hizi watu wamewahi kupigania kurudishiwa fuvu la Mkwawa kutoka Ujerumani hadi likarudi mwaka 1954, nalo liko Kalenga hadi leo. Hatuwezi kuambiwa kwamba vitu vya mababu havina maana.

Lakini thamani ya bunduki ile haiko katika kupiga kwake. Iko katika habari iliyobeba: nani aliibeba, alitoka nayo wapi, kwa nini aliificha badala ya kuitupa. Bunduki isiyo na habari ni chuma cha kilo nne. Yenye habari inaweza kukaa kwenye makumbusho kama ya Kalenga au Iringa Boma, ikiwa imeondolewa uwezo wa kupiga, na wajukuu wakaenda kuiona bila mtu kuumia.

Kwa hiyo kabla polisi hawajafika, ipige picha kwa simu kutoka pembeni, karibu kiasi cha kusoma namba na mwaka, bila kuigeuza. Kisha keti na mzee aliye hai anayejua habari zake, washa kinasa sauti, mwache azungumze kwa lugha yake, Kisafwa, Kinyakyusa, Kihehe au Kibena. Muulize majina ya watu na ya vijiji. Muulize nani alikuwa askari, nani mpagazi, nani alikuwa nyumbani akisubiri, maana wapagazi walikuwa wengi kuliko askari na habari zao zimeandikwa kidogo sana.

Rekodi hiyo haihitaji leseni. Ihifadhi kwenye simu mbili, na ukipenda tuletee studio tuisikilize pamoja na kijiji chako. Msasa urudishe dukani.